Utamu Usio na Madhara

Harufu ya nyama inayoungua ilimfikia mteja kabla haijamfikia mwenye mguu. Mteja alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anangoja geti lake limalizwe, akaanza kunusa huku na huku.

"Fundi, kuna kitu kinaungua," akasema.

"Rangi ya zamani hiyo." Fundi hakuinua kichwa. "Chuma kilichowahi kupakwa rangi hunuka hivyo."

"Hiyo sio rangi. Ni nyama, tena inatoka kwako."

Fundi akazima mashine ya kuchomelea, akavua miwani nyeusi, akatazama chini. Buti lake la kushoto lilikuwa limechanika karibu na kamba, na kipande cha chuma cha moto kilikuwa kimetumbukia mle ndani. Kilikuwa kimekula soksi na ngozi, na bado kilikuwa kinaendelea. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kiatuni. Alilivua buti bila haraka, akakikung'uta kile chuma, akakitazama kidole gumba chake kana kwamba anakagua kazi ya fundi mwingine.

"Haiumi?" mteja akauliza.

"Haiumi." Alilisema hilo kwa majivuno kidogo. "Kuna dawa ya majani natumia siku hizi. Imenikomaza mwili."

Mteja, ambaye hakuwa mganga wala muuguzi, akajikuta anaacha kulifikiria geti lake. Mtu kuungua asisikie ni jambo linaloogopesha hata kulitazama. Lakini Fundi alikuwa amekwisha kuvaa buti na kuwasha mashine, na cheche zikaanza kuruka tena.

*

Nyumbani hakumwambia mtu. Alivaa soksi nzito hata kwenye joto, na mkewe alipouliza akasema mguu unahisi baridi. Mkewe alikuwa mpishi wa shule. Alikuwa anarudi jioni mikono imelegea kwa kukoroga masufuria makubwa kama mapipa, hana nguvu ya kubishana na soksi.

Aliyeivua soksi ile ni binti yao, msusi. Alikuwa amerudi mapema kutoka saluni, akamkuta baba yake amelala kwenye kochi mdomo wazi, na chumba kizima kinanuka kama jokofu lililozimika nyama ikiwa ndani. Alidhani panya amefia chini ya kochi. Akainama, akachungulia, hakuona panya. Alipoinuka, pua yake ikapita karibu na mguu.

"Mama," akaita. Hakupiga kelele. "Mama, njoo uone."

Kidole gumba kilikuwa cheusi. Cha pili yake kilikuwa kinafuata. Wekundu ulikuwa umepanda hadi juu ya unyayo, na ngozi ilikuwa inang'aa kama imepakwa mafuta.

Fundi akaamka akawakuta wote wawili wamepiga magoti mbele ya mguu wake, akaona haya. Alijaribu kuurudisha chini ya kanga aliyojifunika. Mkewe akaushika.

"Tangu lini?"

"Ni kidonda cha kazini. Kinapona."

"Kinapona kwenda wapi? Baba, vidonge vyako unameza?" binti akauliza.

Fundi akamtazama mkewe, mkewe akatazama sakafu. Binti akaelewa kwamba swali lile lilikuwa na jibu, na wote wawili walilijua.

"Mjomba wako alisema tuvipumzishe," mama akasema taratibu. "Alisema vinachosha figo. Kwamba kwa kuwa anatumia ile stevia, ule unga wa majani matamu, kongosho litaamka lenyewe."

"Mkavipumzisha."

"Alikuwa anasikia nguvu, mwanangu. Mwenyewe ulimwona."

"Nilimwona anakojoa kila saa. Nilimwona anakunywa maji kama gari bovu. Nikauliza, mkaniambia mwili unajisafisha."

Hapo ndipo mlango ulipogongwa, akaingia mjomba mwenyewe. Alikuwa ndugu mdogo wa mama. Tangu ujana watu walikuwa wanamwita Asali kwa ajili ya ulimi wake, na jina lilimkaa kiasi kwamba hata dada yake alikuwa amezoea kumwita hivyo. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mkononi ameshika kopo jipya la kijani lenye picha ya jani. Chini ya jani yaliandikwa maneno: Utamu usio na madhara.

"Shikamoo mjomba," binti akasema. Mdomo ulisema kwa mazoea, macho hayakusema.

"Marahaba mwanangu. Nimekuta kikao?"

Wakamwonyesha mguu. Asali aliinama, akautazama kwa muda mrefu. Kuna kitu kilimpita usoni, kitu cha haraka sana, na binti alikiona, ingawa wakati ule hakujua akipe jina gani. Kisha tabasamu likarudi mahali pake.

"Sumu inatoka," akasema. "Wengi hupitia hatua hii, halafu wanaogopa na kukimbilia hospitali, wakakatwa viungo vya bure. Ongezeni dozi. Vijiko vinne kwenye kila kikombe badala ya viwili. Hiki ni kitu cha asili, dada, hata kikizidi hakidhuru."

"Mjomba, hebu niambie," binti akasema. "Wewe unauza hii au unatibu?"

"Binti," mama akamkemea, maana ndugu yake ni ndugu yake.

"Mwache aulize. Vijana wa leo wanaamini kilichofungwa kwenye karatasi ya kiwanda." Asali akacheka, akaliweka kopo mezani. "Nauza afya."

Alipoondoka, binti aliinuka. Alichukua simu, akamwita jirani mwenye gari, akarudi kumvalisha baba yake shati. Fundi akasema angoje kidogo, kuna mteja anakuja kuchukua dirisha. Binti akamfunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni kama anamvalisha mtoto wa shule. Wakati wanatoka, akalitia kopo kwenye mkoba wake.

*

Mashine ndogo ya kupimia sukari haikutoa namba. Ilitoa maandishi tu ya kusema kwamba kiasi kimepita uwezo wake wa kuhesabu. Muuguzi akaipiga kofi dogo, akapima tena kwa kidole kingine, ikaandika vilevile.

"Mzee, dawa uliacha lini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeuliza swali hilo mara nyingi, na benchi lote la wagonjwa lilikuwa linasikia.

"Sikuacha. Nilibadilisha."

"Ulibadilisha ukatumia nini?"

Binti akatoa kopo. Kwenye benchi mtu mmoja akacheka chini chini, na Fundi, aliyewahi kuchomelea mlango wa zahanati hiyohiyo, akainamisha kichwa kama mwizi wa kuku.

Muuguzi hakucheka. Alifungua kopo, akachota unga kidogo kwa kidole, akaonja. "Stevia. Mimi ndiye niliyekwambia mwaka jana, kumbuka. Ulilia hapa kwamba chai bila sukari haipiti kooni. Nikakwambia tafuta stevia, utie kwenye chai."

"Ndiyo," Fundi akasema, sauti ikapata uhai. "Wewe mwenyewe."

"Na sijabadilisha neno. Stevia yenyewe haina tatizo. Jani lake ni tamu na halipandishi sukari, mgonjwa wa sukari anaweza kulitumia. Lakini kazi yake inaishia kwenye ulimi, mzee. Inatia utamu. Haitibu. Nilikwambia uache sukari, sikukwambia uache vidonge."

"Shemeji yangu alisema..."

"Unatia vijiko vingapi?"

"Viwili. Mara nyingine vitatu. Kila kikombe."

Muuguzi akakunja uso. "Viwili vilivyojaa? Stevia yenyewe ukitia kijiko kimoja kikombe hakinyweki. Kinakuwa kitamu mpaka kichungu." Akaonja tena, taratibu zaidi. Kisha akainuka, akachukua bilauri ya plastiki, akatia maji, akakoroga unga ndani, na kwenye kabati akatoa kijiti cha kupimia mkojo, kile chenye vibandiko vya rangi.

"Mimi sio mkemia," akasema, "na hii sio maabara. Lakini kijiti hiki kinajua kitu kimoja vizuri. Kikikutana na glukosi, yaani sukari ileile iliyo kwenye damu yako, hiki kibandiko cha buluu kinageuka. Stevia tupu haikigeuzi."

Akakichovya. Mama, binti na Fundi wakainama juu ya bilauri. Hata yule aliyecheka kwenye benchi akanyoosha shingo. Kibandiko cha buluu kikawa kijani, kijani kikakolea, kikaishia rangi ya udongo.

"Wamejazia," muuguzi akasema. "Stevia inayotosha ni kidogo mno, tena ghali. Ili kopo lijae wanachanganya na kitu kingine, na hawa wamechanganya na unga wa glukosi, yaani sukari. Mzee, umekuwa ukinywa sukari mchana kutwa bila kidonge hata kimoja, ndiyo maana mguu umekufa ganzi."

Mama alishika ukingo wa meza. Ndiye aliyekuwa akikoroga vile vikombe. Alikuwa anakoroga kwa upendo, anaonja, anaongeza.

"Nani kawauzia?" muuguzi akauliza.

Mama akalivuta kopo na kulifunika. Binti akajibu kwa niaba yake: "Ndugu yake wa tumbo moja."

*

Hospitali kubwa walimkata nusu ya mbele ya unyayo. Daktari alisema angechelewa kidogo tu wangekatia gotini, na alilisema kama pongezi. Fundi aliwekwa wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha, mguu umening'inizwa na kufungwa bandeji kama mzigo wa safari. Dawa ya sukari sasa ilikuwa sindano. Muuguzi wa wodi alikuwa anamchoma bila kumtazama usoni.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa mkata tiketi mstaafu, mtu wa maneno mengi. Kwa muda mrefu alikuwa anamtazama Fundi kwa kuibia. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Samahani, mzee mwenzangu. Sura yako naijua. Wewe si yule uliyepona?"

"Nilipona nini?"

"Sukari." Akapapasa chini ya mto, akatoa simu, akaitelezesha kwa kidole gumba. "Huyu hapa. Ni wewe."

Ilikuwa video. Fundi amekaa kwenye kochi lake mwenyewe, ametabasamu, mkononi ana kikombe. Sauti yake ikasema: "Mimi ni fundi. Nilikuwa na sukari miaka mingi. Sasa nakunywa chai tamu kama kijana, na vidonge nimeviweka kando." Kisha ikaja sauti ya Asali, laini, inataja namba ya simu ya kuagizia.

Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda anamenya chungwa. Kisu kikasimama.

"Aliniambia ni ukumbusho wa familia," Fundi akasema. Hakuna aliyemuuliza, lakini alirudia. "Alisema ni ya familia tu."

"Mke wangu aliniletea hii akaniambia, muone mwenzako," mkata tiketi akasema. "Mimi ni mkaidi, nikakataa. Lakini mama mkwe wangu alikuamini sana. Alikuwa anasema yule fundi ana uso wa mtu asiyesema uongo."

"Yuko wapi?" mama akauliza.

Mkata tiketi akairudisha simu chini ya mto. Alichukua muda kuipanga pale.

"Tulimzika," akasema.

Fundi akageuza uso dirishani. Mkewe aliona mabega yake yanatikisika, akainuka kumshika, naye akausukuma mkono wake. Hakuusukuma kwa hasira. Hakutaka tu kuguswa akiwa ni mtu yule wa kwenye video.

Mama akaliacha chungwa nusu limemenywa, akashuka hadi kwenye dirisha la dawa kuchukua bandeji. Foleni ilikuwa ndefu, inajikunja kama nyoka kwenye korido. Alisimama nyuma ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akiwa hamwoni mtu, masikioni mwake ile sauti laini bado inataja namba ya simu. Ndipo akaisikia sauti yenyewe. Ilitoka mbele, kwenye dirisha.

"Fanya haraka mama, nina kikao."

Alikuwa amevaa kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, lakini mtu aliyembeba mgongoni utotoni hawezi kukosea kisogo chake. Mtoa dawa, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu sokoni, akamsukumia mfuko chini ya kioo.

"Hivi vyeupe asubuhi na jioni baada ya kula, kama kawaida yako. Na mwezi huu usichelewe tena. Sukari haina mzaha, wewe unajua."

"Najua," Asali akasema. Akautia mfuko mfukoni mwa koti, akageuka, wakakutana macho.

Korido nzima ilikuwa na watu na hakuna aliyejua kinachotokea. Asali akatabasamu, tabasamu likakataa kukaa.

"Dada. Hivi ni vya rafiki yangu mmoja, nimemsaidia tu..."

"Nimesikia," mama akasema.

"Twende pembeni nikueleze."

"Siwezi kutoka. Nikitoka nitarudi mwisho wa foleni."

Na kweli hakutoka. Angetaka kumkaba pale pale, angetaka kumtoa ile kofia na kumpiga nayo, lakini mumewe alihitaji bandeji, na dirisha lilikuwa linafungwa mchana. Alisimama mikono imekunjwa kifuani, macho mbele, mpaka Asali akachoka kumnong'oneza akaondoka. Zamu yake ilipofika, mtoa dawa alimwambia bandeji za upana ule zimekwisha, akanunue nje.

*

Fundi aliporudi nyumbani kwa magongo, mkewe alikuwa bado hajamwambia alichokiona dirishani. Alimwambia binti tu, wakakubaliana kwamba baba apate nguvu kwanza. Lakini Asali hakungoja nguvu za mtu. Alikuja mchana, amebeba mfuko wa matunda, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kiti ambacho hukaliwa na wageni wasio na uhakika.

"Shemeji, pole sana."

"Nimepoa."

"Nimekuja tuzungumze kama watu wa nyumba moja. Kuna watu wanaeneza maneno. Wanasema yule fundi wa kwenye video kakatwa mguu. Wateja wanarudisha makopo, wengine wananitishia." Alijifuta jasho. "Naomba kitu kidogo. Tutengeneze video nyingine, fupi. Useme ukweli tu, kwamba kidonda kilitokana na cheche za kazini. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Alifunga kitambaa kichwani upya, akakikaza.

"Ni cheche kweli," Fundi akasema.

"Basi. Sema hivyo tu. Binti, simu yako inatoa picha nzuri kuliko yangu. Hebu shika."

Binti akamtazama baba yake. Fundi akatikisa kichwa kukubali. Alivuta magongo, akajiweka sawa kwenye kochi, akavuta suruali ya mguu wa kushoto hadi karibu na goti. Asali akasema hilo halina haja, picha ya uso inatosha. Fundi akaikunja suruali vizuri.

"Kabla hajawasha," akasema, "nikuulize jambo, shemeji. Siku ile ulipouona mguu wangu, ulijua ni nini?"

"Mimi sio daktari."

"Sijasema wewe ni daktari. Nimeuliza ulijua?"

Asali akamgeukia dada yake kuomba msaada, kama alivyokuwa akifanya tangu mtoto kila alipovunja kitu. Dada yake akasema, "Mjibu. Au nimjibu mimi, nimwambie unachochukua kwenye dirisha la dawa kila mwezi."

Fundi akamtazama mkewe, kisha shemeji yake, na taratibu sana damu ikampanda usoni.

"Unameza vidonge," akasema.

"Yangu ni kali, shemeji," Asali akasema kwa sauti ndogo. "Yangu nimeirithi kwa baba. Yako haikuwa mbaya hivyo, nilidhani utavumilia. Na wale wa juu yangu ndio wanaochanganya, mimi napewa makopo yamefungwa. Nina watoto wanasoma, dada, unawajua. Mngetaka nile nini?"

Binti alikuwa ameinua simu.

"Washa," Fundi akamwambia.

"Nimeshawasha, baba. Tangu ulipomuuliza swali la kwanza."

Asali akaruka kutoka kitini, mkono umeelekea kwenye simu. Hakufika. Mama alikuwa amemshika kifundo cha mkono, kwa ule mkono uliozoea kukoroga chakula cha watoto mia tano, na hakukikaza wala kukilegeza.

"Mwache mume wangu aseme," akamwambia. "Wewe umesema vya kutosha."

Fundi aliuinua mguu kwa mikono miwili, akauweka juu ya meza mbele ya kioo cha simu, bandeji na yote.

"Mimi ni fundi," akaanza. Akakohoa, akaanza upya. "Mimi ni yule fundi. Niliwaambia nimepona. Kuna mama mmoja aliniamini, na sasa hayupo. Stevia yenyewe haina kosa, tieni kwenye chai mkitaka, lakini iwe stevia kweli, na vidonge vyenu msiviache. Hili kopo ni sukari. Aliyeniuzia ni shemeji yangu, yule pale, mmulike. Yeye anameza vidonge vyake asubuhi na jioni."

Binti akaigeuza simu. Asali akafunika uso kwa mkono uliobaki huru. Alikuwa anasema kitu, anamwita dada yake kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na dada yake alilisikia vizuri, lakini mkono wake hakuuachia.